Jukwaa la Wiki Sita

Mume wangu, Mbwana Kihiyo, alikataa miaka kumi na moja.
"Tangu lini nyumba ikavishwa suruali ya kukodi?"
Kwao Korogwe, alisema, kuta zilipanda kwa mirunda
na kamba za katani, na fundi alipanda peku,
misumari mdomoni, na bado akapiga soga.
Basi kila paa lilipovuja alitoa ngazi,
nami nikaishika miguu,
nikaushika na ulimi wangu.

Mwezi wa Machi ngazi ikateleza.
Nyonga ikavunjika mahali pawili.
Hakulia. Alisema tu,
"Wapigie simu hao watu wa mabomba."

Kumbe Rochdale hata hewa ina mwenyewe.
Hewa ya mbele ni ya manispaa: kibali, ada, taa nyekundu usiku.
Hewa ya nyuma ni ya Bi Ormerod,
ambaye hatukusemezana tangu ugomvi wa mapipa ya taka.
Nikagonga. Nikaeleza. Akanitazama viatu.
"Miguu mingapi itasimama kwangu?"
"Miwili."
"Isikanyage mawaridi."
Nikaapa kwa niaba ya chuma.

Paundi mia nane na arobaini, wiki sita.
Ikizidi, hamsini kila wiki.
Mgeni huyu siku ya tatu humpi jembe:
wewe ndiye unayelima ili yeye alale.

Walikuja vijana wanne na lori, alfajiri,
wakirushiana mabomba kama wanaorushiana salamu.
Saa tatu nzima mtaa ulilia kengele.
Mbwana kitini, dirishani, blanketi magotini,
anahesabu vifungo.
"Kile cha kushoto hakijakazwa."
Nikatoka kusema, kwa aibu.
Kijana akakijaribu kwa spana. Kweli, kimelegea.
Akainua kidole gumba kuelekea kioo,
na siku hiyo mume wangu alimaliza chai yake.

Kisha mvua. Wiki ya kwanza mvua, ya pili mvua,
ya tatu fundi wa paa ana harusi ya dada yake, Polandi,
ya nne upepo.
Chuma kimesimama, kinakula.
Usiku upepo ulipuliza midomo ya mabomba
yakaguna kama chupa tupu,
nami kitandani nikihesabu: hamsini, hamsini.

Wiki ya saba, Jumapili, mvua ikavuta pumzi.
Nikafunga kanga juu ya suruali ya kazini
nikapanda. Sikumwambia mtu.

Huko juu, vigae vya mawe, vyeusi, vinateleza.
Na penye kona, chini ya kigae kilichopasuka,
kitu cha duara.
Mfuniko wa sufuria yangu kubwa, ile ya pilau,
uliopotea mwaka alioolewa Tunu.
Nilimshuku shemeji. Nilimshuku hadi mwenye ukumbi.
Miaka tisa nafunikia sahani.
Umepakwa lami pembeni, umepondwa kishikio,
umeota kuvu ya manjano,
na chini yake ubao mkavu, mkavu kama unga.

Paa lilivuja kwingine kote.

Nikishuka nilipita dirisha la chumbani.
Amelala, mdomo wazi, mkongojo kifuani.
Sijawahi kumwona kutoka nje.
Nilisimama pale kwenye mbao za watu
mpaka vidole vikafa ganzi.

Jumatatu Tadeusz akapanda, akacheka.
"Huu nani aliuweka?"
"Ng'oa vyote, weka vipya," nikamwambia. "Huo uache."
Akadhani Kiingereza changu kimekosea.
Nikarudia.
Akaweka kigae kipya juu yake. Hakunitoza.

Paundi mia zaidi. Vijana wakafungua, wakapakia,
nyumba ikabaki uchi, imeduwaa.
Bi Ormerod akatoka kukagua: waridi moja limevunjika.
Akalitia mfukoni mwa aproni.
"Mapipa yako," akasema, "ni Alhamisi, si Jumatano."

Jioni Mbwana akauliza, macho kwenye televisheni,
"Wameona nini huko juu?"
"Vigae."
"Vigae tu?"

Nikateleka sufuria kubwa,
nikaifunika kwa sahani.